Mwandani Aulizwaye na Mwandani Asemaye: Mazungumzo ya Wasafiri katika Michezo ya Kompyuta

Katika uhakiki wa tamthilia ni jambo la kawaida kuuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na ni kitu gani kilichomfanya aseme wakati ule na si kabla yake. Mhakiki akiona mhusika anaingia jukwaani, anasimulia maisha yake yote pasipo kusukumwa na tukio lolote, kisha anatoka, huandika bila kusita kwamba mtunzi amelegea. Kipimo hiki hakijatumiwa vya kutosha juu ya sanaa moja ambayo kwa zaidi ya robo ya karne imekuwa ikitunga mazungumzo kwa wingi wa kushangaza, yaani michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani na kusafiri na kundi la wandani. Mmoja wa michezo hiyo, Planescape: Torment wa mwaka 1999, hukadiriwa kuwa na maneno yapatayo laki nane, ambayo ni zaidi ya riwaya kumi za Kiswahili za urefu wa kawaida. Sehemu kubwa ya maneno hayo ni watu wanaosemezana.

Huenda ikadaiwa kwamba kazi za namna hii ni pumbao la vijana na hazistahili kuingia katika majarida ya lugha. Dai hilo linasahau kwamba mchezo wa kuvaa uhusika si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Ebrahim Hussein aliifungua tamthilia yake ya Mashetani (1971) kwa vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, ambao wanacheza mchezo, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu. Ndani ya mchezo huo wanaambiana mambo ambayo urafiki wao wa kila siku hauwezi kuyabeba, kwa kuwa nyuma ya urafiki huo yamesimama Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 na tofauti ya kitabaka kati ya jamaa zao. Hussein alitambua kwamba rafiki akivaa sura nyingine husema kweli zaidi, na kwamba kweli hiyo yaweza kuuvunja urafiki wenyewe. Mtunzi wa mchezo wa kompyuta anayeandika mazungumzo ya wandani anashughulika na jambo lilo hilo, ajue asijue.

Kwa faida ya msomaji asiyeizoea sanaa hii, yafaa muundo wake uelezwe kwa ufupi. Mchezaji humwongoza mhusika mkuu: humchagulia anakokwenda, anachotenda na anachosema. Wandani hujiunga naye njiani, kila mmoja na asili yake, imani yake na jeraha lake. Mazungumzo yao yameandikwa kabla. Mwandani husema, kisha mchezaji huonyeshwa orodha fupi ya maneno, huchagua moja, na mwandani hujibu kwa kufuata chaguo hilo. Kwa kuwa kila jibu hutoa tawi, na kila tawi laweza kutoa matawi mengine, muundo huu huitwa mti wa mazungumzo. Mchezaji basi ni hadhira na fanani kwa wakati mmoja, ingawa ni fanani aliyepewa maneno ya mtu mwingine ayachague.

Tatizo linaanzia hapo kwenye mti. Tangu mchezo wa Star Wars: Knights of the Old Republic wa mwaka 2003, ulioundwa na kampuni ya BioWare ya Kanada, kumekuwa na desturi iliyoota mizizi. Baina ya safari moja na nyingine wandani husimama mahali pao katika chombo au kambi. Mchezaji huwapitia mmoja mmoja, mlango hadi mlango, kama mkusanya kodi za nyumba mwisho wa mwezi, aone ni nani aliye na jambo jipya. Anapolikuta, huuliza: ulizaliwa wapi, mama yako alikufaje, kovu hili ulilipata vitani? Mwandani hujibu yote. Maswali yakiisha mchezaji huondoka bila kuaga, na mwandani hubaki amesimama vile vile, akitazama ukuta ule ule, mpaka mkusanya kodi arudi.

Msomaji aliyelelewa katika lugha ya Kiswahili hawezi kuutazama mwenendo huu asione upungufu wake, kwa sababu katika lugha hii kuanza mazungumzo ni kazi yenye adabu zake. Kuna salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Huulizwa habari za nyumbani na za safari kabla ya kufikiwa neno lililomleta mtu. Mlangoni huombwa hodi. Na kwa desturi ya pwani aombaye hodi mara tatu asijibiwe hurudi alikotoka pasipo kinyongo. Adabu hizi si pambo. Zinampa anayeendewa nafasi ya kukataa. Mahali ambapo hodi haiwezi kunyimwa jibu hapana mwenyeji, pana ghala tu. Na kwa kweli wandani wengi wa michezo hii wameumbwa kama maghala ya habari: kila mmoja amehifadhi hadithi moja ya huzuni, na mchezaji amepewa ufunguo.

Utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyoandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, una mazungumzo mawili ambayo yangefaa kusomwa na kila anayetunga kazi za aina hii. Katika lile la kwanza wandani wa Liyongo wanafanya kikoa chini ya mkoma. Kila mtu hupanda kwa zamu kuangua makoma, na imekwisha kupangwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hapandi, anachukua uta wake na kuyaangusha matunda kwa mishale. Yote yanayosemwa pale ni maneno ya kawaida ya watu wanaokula pamoja, lakini chini yake pana kifo, na shujaa ameusikia ukimya ulio kati ya maneno. Mazungumzo ya pili ni mazito zaidi. Mwana wa Liyongo, aliyeahidiwa makuu na Sultani, anakwenda kumwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Baba anatambua kwamba swali si la mwana, ametumwa. Na bado anamjibu kwamba ni sindano ya shaba kitovuni. Nguvu yote ya kisa imo katika hilo. Aulizwaye anajua kwa nini anaulizwa. Jibu lake ni tendo, tena ni tendo la mwisho la ubaba.

Mchezaji wa michezo mingi ya wandani yuko katika nafasi ya mwana huyu. Anauliza juu ya jeraha kwa sababu jibu lina ujira: alama zitaongezeka, mwandani atapata nguvu mpya vitani, pengine mlango wa mapenzi utafunguka. Hilo peke yake si dosari, maana hata utenzi umejengwa juu yake. Dosari ni kwamba aulizwaye hatambui. Hakuna hata mmoja kati ya wandani hao wa kambini anayemtazama mwuliza swali na kujiuliza ametumwa na nani.

Mfano ulio wazi kabisa ni Dragon Age: Origins wa mwaka 2009, kazi nyingine ya BioWare. Humo kila mwandani ana kipimo cha ridhaa kinachoanzia mia moja chini ya sifuri hadi mia moja juu yake, nacho huonyeshwa waziwazi kwa mchezaji. Neno linalompendeza mwandani hukipandisha, lisilompendeza hukishusha. Juu ya hayo kuna zawadi, ambazo mchezaji huziokota njiani au kuzinunua madukani na kuzigawa kambini. Yawezekana kabisa kumtukana mwandani asubuhi, kumpa kidani jioni, na hesabu ikawa sawa. Katika lugha ya kila siku ya Wakenya jambo hili lina jina lake, tena ni jina la kosa la jinai.

Hata hivyo itakuwa si haki kuihukumu kazi hiyo kwa hesabu yake tu, kwa kuwa ndani ya mfumo huo huo watunzi wake waliweza mara mbili tatu kuandika jambo jema. Morrigan, mchawi aliyelelewa nyikani na mama mkali, husimulia kambini jinsi alivyoiba kioo utotoni na jinsi mama yake alivyokivunja mbele ya macho yake. Kisa kinapita. Baada ya muda mrefu, mbali sana na hapo, mchezaji anaweza kukuta kioo kinauzwa, na akikinunua na kumpa, Morrigan anaduwaa. Kioo hiki nacho ni zawadi kama zile nyingine na kina alama zake, lakini hadhi yake ni tofauti, maana ni jibu. Kinamwambia Morrigan kwamba siku ile alisikilizwa. Kadhalika Sten, askari anayekutwa kizimbani baada ya kuiua jamaa nzima ya mkulima, hujibu maswali kwa neno moja moja na mengine huyakataa. Kinachomfungua ni upanga wake uliopotea, ambao kupotea kwake ndiko kulikoleta mauaji yale. Mchezaji hapewi siri ya Sten kwa kuuliza sana. Anapewa kwa kutafuta.

Yafaa vilevile kutaja maneno ya njiani. Katika mchezo huo, kundi linapotembea, wandani husemezana wao kwa wao, na mchezaji hana la kuchagua ila kusikiliza. Alistair na Morrigan hutupiana vijembe vya kuchekesha, na mara nyingine vikali. Anayeujua utani wa makabila ya Afrika Mashariki atasikia upesi tofauti iliyopo: mtani ana haki ya kutukana kwa sababu ana wajibu wa kuja msibani, ilhali Alistair na Morrigan wana haki hiyo pasipo wajibu wowote, na ndiyo maana vijembe vyao haviendi mbali. Lakini kanuni yenyewe ni njema. Mwandani mwenye la kumwambia mwenzake wakati mchezaji hakuulizwa ni mtu aliye hai kuliko yule asubiriye ufunguo.

Kampuni hiyo ilijirekebisha kwa kiasi fulani katika Dragon Age II (2011). Kipimo cha ridhaa kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa kipimo chenye ncha mbili, urafiki upande mmoja na ushindani upande wa pili, kila ncha ikiwa na thamani yake. Mwandani anayepingana na mhusika mkuu katika kila jambo anaweza kufungamana naye kwa dhati sawa na anayekubaliana naye. Isabela, nahodha aliyemponyoka kila mtu maishani, hutoroka na kitu ambacho Waqunari wanakidai. Atarudi ikiwa kifungo chake na mhusika mkuu ni imara, na haidhuru kiwe kilifungwa kwa kupatana au kwa kubishana. Asiyerudi kabisa ni yule ambaye mchezaji hakujishughulisha naye. Hapa pana fikra nzito ya kimaadili iliyofichwa ndani ya hesabu. Inasikitisha kwamba michezo iliyofuata haikuuendeleza mfumo huu.

Kuhusu Mass Effect 2 (2010) inatosha kutaja jambo moja ambalo wachezaji wamelifanya mzaha duniani kote. Garrus, askari mwaminifu aliyewekwa kwenye chumba cha mzinga mkuu wa chombo, akifuatwa mara kwa mara hujibu kwamba ana kazi ya kuurekebisha mzinga na kwamba wazungumze baadaye. Hodi imenyimwa jibu, na ingeweza kudhaniwa kwamba ndilo lililokuwa likidaiwa hapo juu. La, hasha. Garrus hanyamazi kwa sababu ya hulka yake. Ananyamaza kwa sababu kurasa zake zimekwisha. Mchezaji anaujua ufa huu, na ndiyo sababu anacheka. Kimya cha upungufu na kimya cha hulka hutofautiana kama vile mtu asiye na fedha anavyotofautiana na bahili, ingawa mkono wa wote wawili umefumba.

Kabla ya desturi hii ya kupitia milango kulikuwa na njia nyingine, na kuachwa kwake ni hasara. Katika Baldur's Gate II: Shadows of Amn, wa mwaka 2000, mwandani ndiye aliyemwendea mchezaji. Jaheira, ambaye mumewe Khalid anauawa mwanzoni mwa kisa, habebi huzuni yake ghalani ikingoja kuulizwa. Saa iliyofichwa ndani ya programu huhesabu muda, na muda ukifika anaanza kusema mwenyewe, hata kama kundi limesimama mahali pabaya na mchezaji alikuwa na haraka. Jibu moja la kejeli laweza kuufunga mlango huo kabisa, pasipo onyo na pasipo kipimo cha kuonyesha kilichopotea. Wandani wa mchezo huo huweza hata kukosana wao kwa wao mpaka wakapigana. Ni kweli kwamba saa ni chombo butu: husababisha maneno mazito kutamkwa katikati ya mtaro wa maji machafu. Lakini huzuni nayo haichagui mahali, na ubutu huo ulikuwa karibu na maisha kuliko mpangilio safi uliokuja baadaye.

Planescape: Torment ulikwenda mbele zaidi, ukafanya mazungumzo yenyewe kuwa kiini cha hatia. Mhusika mkuu hana jina, hafi, na kila akizinduka huwa amesahau maisha yaliyotangulia. Dak'kon, mmoja wa wandani wake, ni mtu wa kabila ambalo kwalo imani na nafsi ni kitu kimoja, hata upanga wake hubadilika kwa kadiri ya uthabiti wa moyo wake. Ana kibamba cha jiwe chenye mafundisho ya mwasisi wa watu wake. Mchezaji akiomba kufundishwa, Dak'kon hufungua duara moja baada ya jingine, naye mchezaji hutakiwa kueleza kila fundisho lina maana gani kwake. Si kila mtu atayafikia yote, kwa maana duara lifuatalo hufunguliwa kwa aliyeonyesha kwamba amelielewa lililotangulia. Kwa hiyo mazungumzo haya ni darasa, na mwanafunzi taratibu anaanza kumpita mwalimu wake.

Kisha ukweli unatokea. Katika maisha mojawapo yaliyosahauliwa, mhusika mkuu mwenyewe ndiye aliyempa Dak'kon jiwe lile siku alipokuwa amevunjika imani, na Dak'kon, kwa kushukuru, akaapa kumtumikia mpaka siku ya kifo cha mfadhili wake. Mfadhili hafi. Neno la shukrani limekuwa mnyororo usio na mwisho, na aliyelipokea alijua tangu mwanzo kwamba litakuwa hivyo. Kilichoonekana kuwa wema kilikuwa mtego wa mtu aliyehitaji upanga. Mchezaji aliyekuwa akiuliza kwa udadisi anajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Chris Avellone na wenzake wa Black Isle Studios walilifikia hapa jambo ambalo kisa cha mwana wa Liyongo kinalijua: kuuliza ni tendo lenye mwenyewe, na mwenyewe huweza kudaiwa. Dosari iliyobaki katika Torment ni kwamba Dak'kon hawezi kukataa kujibu, lakini kutoweza huko kumeingizwa ndani ya kisa. Hakatai kwa kuwa ni mtumwa, na mchezaji ndiye aliyemtia utumwani.

Kazi inayodai kuangaliwa kwa makini kuliko zote, hata hivyo, ni Disco Elysium ya mwaka 2019, iliyotungwa na Robert Kurvitz na wenzake wa kundi la ZA/UM lililotokea Estonia. Mhusika mkuu ni mpelelezi wa polisi aliyelewa mpaka akasahau jina lake. Nyuma ya hosteli anamolala kuna maiti inayoning'inia mtini. Mwandani wake ni mmoja karibu muda wote: Luteni Kim Kitsuragi, wa kituo cha 57, aliyetumwa kushirikiana na mwenzake wa kituo cha 41 katika upelelezi huo. Kim ana miwani, daftari, na sigara moja kwa siku, haongezi ya pili. Kipimo chake hakionyeshwi. Hana kambi. Usiku ukiingia huhitimisha kazi na kwenda kulala, na mchezaji akitaka kutangatanga mitaani baada ya hapo, atatangatanga peke yake.

Katika kazi hii karibu kila kitu kinasema. Stadi ishirini na nne za nafsi ya mpelelezi, kama vile mantiki, huruma na mamlaka, zimefanywa sauti zinazogombana kichwani mwake. Tai yake inasema. Mji wenyewe unasema. Katikati ya makelele hayo Kim ananyamaza, na kimya chake kimetungwa kwa ufundi mkubwa. Mpelelezi anapomwuliza shahidi swali la kipuuzi, Kim hukohoa. Anapouliza swali zuri, Kim huandika. Kwa kuwa masimulizi ni ya maandishi, mwandishi anaweza kueleza nyusi iliyoinuka au kalamu iliyosita, na sauti za ndani zinaweza kufasiri ishara hizo, mara kwa usahihi, mara kwa kujidanganya. Mchezaji asiyeonyeshwa alama yoyote huanza kumtazama Kim. Huanza kuchagua maneno yake kwa kujali kikohozi kile. Hakuna hesabu ya mia moja iliyowahi kuzaa heshima ya namna hii, kwa sababu hesabu husomwa, na mtu huyu hana budi kukisiwa.

Na maisha ya Kim? Hayatolewi kwa orodha ya maswali. Pale bandarini yupo dereva wa lori anayemtazama Kim, ambaye kwa nasaba ana asili ya nchi ya mbali iitwayo Seol, na kumwambia maneno ya kibaguzi yaliyovikwa ukarimu, kana kwamba ni mgeni katika mji wake mwenyewe. Mchezaji anaweza kuingilia kati au kupita. Kim mwenyewe hafoki. Anayoyasema juu ya asili yake ni machache, na yanasemwa kwa sababu jambo limetokea na limemgusa: yeye ni mtu wa Revachol, basi. Msomaji wa Kenya, ambako jina la ukoo pekee limewahi kutosha kumfanya mtu aulizwe kwao ni wapi ilhali amesimama kwao, hahitaji kuelezwa uzito wa uchache huo. Kim angeulizwa kambini, baina ya safari moja na nyingine, habari zile zile zingekuwa maelezo ya ziada. Pale bandarini ni uchungu.

Tena kuna hukumu ya mwisho. Ikiwa Kim hakujeruhiwa katika mapambano ya silaha yanayotokea kuelekea mwisho, husimama ufuoni mbele ya wenzake wa mpelelezi waliokuja kuamua kama mtu huyu arudishwe kazini, na kueleza aliyoyaona: alikunywa au hakunywa, alifanya kazi au alifanya upuuzi. Mazungumzo yote ya siku zilizopita yamegeuka ushahidi. Huyu ndiye mwandani aliyekuwa akisikiliza muda wote, na daftari lile halikuwa pambo la uhusika. Pengine udhaifu mmoja wa kazi hii ni kwamba Kim ni mwema mno, na subira yake kwa mlevi huyu inapita kiasi cha binadamu wa kawaida. Mtunzi amempenda mhusika wake kuliko inavyofaa. Lakini ni udhaifu wa kusameheka.

Mambo haya yamepata uzito mpya tangu mwisho wa mwaka 2022, zilipoenea programu za kompyuta zinazotunga lugha zenyewe. Zamani mwandani alinyamaza kwa sababu kurasa ziliisha. Sasa inawezekana kurasa zisiishe kamwe: mchezaji aulize lolote, saa yoyote, ajibiwe kwa upole. Wako wanaoliona hilo kuwa ukombozi wa sanaa hii. Kwa mujibu wa hoja za makala haya huenda likawa msiba wake, isipokuwa kama watunzi watajifunza kumpa mwandani haki ya kutojibu, ya kulala, ya kuanza mwenyewe na ya kukumbuka. Programu iliyoumbwa kumridhisha mwuliza swali ni mwana wa Sultani kwa sura nyingine. Itafurahi kuulizwa habari ya sindano, na itaitaja mara ya kwanza.

Limebaki jambo la lugha. Kijana wa Nairobi au Mombasa anayecheza kazi hizi kwa kawaida huzisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo mtu mmoja huitwa kwa kiwakilishi kimoja awe mkubwa au mdogo, mpendwa au mgeni. Siku zitakapoandikwa kwa Kiswahili, au kufasiriwa, mtunzi hatakuwa na nafasi ya kuikwepa heshima, kwa kuwa mwandani lazima amwite mchezaji kwa jina fulani: bwana, mzee, ndugu, kaka, dada, mwenzangu. Kila badiliko la mwito litaonyesha badiliko la uhusiano pasipo kipimo chochote pembeni ya kioo. Katika Disco Elysium Kim humwita mwenzake kwa kazi yake ya upelelezi, na mwenzake amemzidi cheo kidogo tu. Mfasiri mvivu ataandika afande, neno la kituo cha polisi, na atapata nidhamu lakini atapoteza staha, kwa kuwa afande huitwa kwa woga. Bwana Mpelelezi ni baridi mno kwa siku nyingi walizotembea pamoja, ila baridi hiyo ndiyo inayotakiwa siku ya kwanza, pale Kim anaponyosha mkono mbele ya mtu anayenuka pombe na asiyejua jina lake. Neno mwenzangu liwepo, lakini lizuiwe. Lisitamkwe bandarini, wala kanisani ambako Kim anaweza kushawishiwa mpaka akacheza dansi. Litunzwe mpaka pale ufuoni, wakati anapowaeleza wale wengine aliyoyaona, na hata hapo asimwambie mwenyewe. Awaambie wao, mwenyewe akisikia.